Mvua Ambayo Mke Wangu Aliitunga

Mke wangu alidanganya redioni mara moja tu maishani mwake.

Sentensi moja. Hata nusu dakika haikufika.

Miezi minne baadaye tulikuwa Bamba, tunamzika mtu kwa sababu ya sentensi hiyo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Leo naliandika.

Mke wangu anaitwa Dama. Kwao ni Bamba, huko bara ya Kilifi, lakini sisi twaishi Kisauni, Mombasa. Wakati huo alikuwa akisoma utabiri wa hali ya hewa kwenye redio moja ndogo ya Pwani, kila asubuhi saa moja kasorobo.

Mama mkwe wangu, Kafedha, hakukosa kipindi hata siku moja. Dama akisema "hamjambo," yeye kule Bamba aitikia, "hatujambo mwanangu," kana kwamba wamekaa mkeka mmoja.

Mwaka ule misimu minne ya mvua ilikuwa imepita kavu. Oktoba wataalamu wakatoa utabiri: vuli itakuwa haba tena. Wenye mifugo wauze mapema, kabla haijakonda.

Dama akausoma vile vile ulivyo.

Wee, simu hizo. Mmoja akamwambia, "Dada, mdomo wako mchungu. Watu hatuna chakula, nawe watuongezea msiba."

Halafu mamake naye akapiga. Hakugomba. Aliuliza tu, "Dama, kwenye hiyo karatasi yenu hakuna hata wingu moja?"

Dama akaisoma tena karatasi yote.

Jioni akanieleza. Mimi nimetoka kibaruani bandarini, Kipevu, nimechoka tiki, nataka kula nilale. Nikamwambia, "Si utie neno moja la kuwapa watu moyo? Kwani isiponyesha, utashtakiwa wewe?"

Hayo ni maneno yangu. Sikulishwa na mtu.

Kesho yake, alipomaliza kusoma karatasi, Dama akaongeza: "Lakini kuna dalili kwamba mwezi ujao tutapata mvua ya kutosha, Mungu akipenda."

Siku hiyo simu zilikuwa za shukrani. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka Dama akaisogeza simu mbali na sikio.

Mwezi huo haikunyesha. Uliofuata pia.

Baba mkwe, mzee Lewa, alikuwa na ng'ombe saba. Mnunuzi wa Mariakani alikuwa ameshaitwa aje awachukue. Baada ya tangazo lile, akaambiwa asije.

Ng'ombe wakafa mmoja mmoja. Kufika Januari amebaki jike mmoja, hasimami mpaka watu wamshike mkia na pembe wamwinue.

Silanga la karibu, bwawa la kukingia maji ya mvua, lilikuwa matope matupu. Basi mama mkwe akawa anakwenda la mbali, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, mtungi kichwani, amnyweshe ng'ombe yule.

"Mama, mwache huyo ng'ombe," Dama alimsihi kwa simu.

"Nimwache vipi, na wewe mwenyewe umesema mvua yaja? Nikimfikisha hapo, atapona."

Mara tatu Dama alimpigia ili amwambie kweli. Mara tatu akaishia kuuliza habari za mgongo wake. Nilikuwa namsikia. Nami nikanyamaza.

Februari, mama mkwe akaanguka njiani. Wapita njia walimkuta kando ya barabara, ardhi bado mbichi pale mtungi ulipomwagika. Yeye alikuwa ameshakata roho.

Tulizika Jumamosi. Watu walipotawanyika, Dama akapiga magoti mbele ya babake.

"Baba, ile mvua niliitunga. Haikuwa kwenye karatasi."

Mzee Lewa akamshika mkono, akamwinua.

"Najua," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ile ile uliyoitangaza, chifu alitusomea karatasi hiyo hiyo barazani. Neno kwa neno. Mamako hakuwapo, alikuwa shambani. Hapo nikajua ile mvua umeitia wewe."

Mimi nikashindwa kujizuia. "Baba, sasa mbona hukuuza?"

Akanitazama kidogo.

"Mke wangu alipita nyumba hadi nyumba akisema, mwanangu ameiona mvua. Mwanamke aliyekuwa hacheki tena, akaanza kucheka. Ningeuza, ingekuwa ni kumwambia kwamba mwanawe ni mwongo. Nikasema, afadhali ng'ombe wafe."

Akaliangalia kaburi.

"Sikujua kwamba na yeye atawafuata."

Dama hakulia pale. Alilia Jumatatu, redioni, alipowaeleza wasikilizaji alichofanya. Kabla ya saa sita alikuwa ameachishwa kazi. Sasa anauza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, mtaani Ziwa la Ng'ombe.

Mvua ilikuja baadaye, tena nyingi. Siku ya kwanza iliponyesha Kisauni, majirani walitoka nje kuipokea. Dama alifunga dirisha, akaendelea kumenya viazi. Nikachukua kisu, nikamenya naye.

Ndugu yangu unayesoma, watu watatu tulimpenda mama yule. Watatu tuliijua kweli. Kila mmoja akaificha ili asimvunje moyo, na moyo wenyewe ukasimama njiani, juani, chini ya mtungi wa maji.

Ukimpenda mtu, mwambie mapema kwamba haitanyesha. Atalia, ndiyo. Lakini atakuwa na wakati wa kufanya lingine.