Kipimo cha Nyuma ya Pazia

Mkwe wangu ni fundi makochi. Jina lake silitaji, wala la binti yangu. Mtaani anaitwa Sponji, na hilo linatosha. Tangu amwoe binti yangu hajawahi kunitazama usoni. Akiingia sebuleni kwangu hukaa kiti cha karibu na mlango, husema "Shikamoo, Mama" akiielekea saa ya ukutani, kisha huminya mto wa kiti kuona kama umebonyea. Nilimpendea heshima hiyo.

Ndiyo maana alipopata saratani ya uume, nilikuwa wa mwisho kujua. Kidonda alikificha hata kwa mkewe, mpaka harufu ikamsaliti. Kilipokatwa hospitalini, majirani tuliwaambia ni ngiri. Neno hilo nililichagua mimi.

Likabaki swali moja: je, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi za kinenani? Daktari aliagiza sitiskani, pamoja na altrasaundi ya kinena ya kuchomwa sindano. Sponji akavilinganisha vipimo hivyo kwa kigezo chake. Kwenye sitiskani unalala umejifunika, mashine inakuzunguka, na mpimaji yuko nyuma ya kioo. Kwenye altrasaundi unavua nyuma ya pazia, na anayeshika kifaa ni dada wa makamo. Akafanya cha kwanza, cha pili akakiruka. Majibu yakatoka safi, akarudi kwenye makochi yake akipiga mluzi.

Binti yangu akaja kwangu macho yamevimba.

"Mama, anasema amepona. Daktari anamwita, haendi."

"Umemwambia nini?"

"Anajibu kwamba nusu ya hospitali imeshamvua suruali, waliobaki wasubiri zamu yao."

Nilitangulia hospitalini, binti yangu akamleta kwa kumdanganya kwamba anakwenda kufungwa bandeji. Aliponikuta chumbani kwa daktari nusura atokee dirishani. Nikageuza kiti, nikampa mgongo.

"Mama ni nani wake?" daktari akauliza.

"Mama mkwe."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mkwe wangu ana saratani ya uume," nikasema. Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mwanamume yeyote, hata marehemu mume wangu. Masikio yaliniwaka. "Sitiskani imetoka safi. Kwa nini haitoshi?"

"Sitiskani inategemea sana ukubwa wa tezi, Mama. Kwa tezi za ndani ya nyonga na kwa mapafu, inanisaidia. Lakini tezi ya kinenani inaweza kuwa na ukubwa wa kawaida na ugonjwa umo tayari. Altrasaundi inaiona kwa karibu zaidi, na sindano inachukua chembe tukazipime."

"Na kile kipimo kingine, cha kudungwa sukari yenye mionzi?"

"Kinaonyesha mahali panapokula sukari kwa wingi. Hata hicho, ugonjwa mdogo sana hukipita. Hata altrasaundi ikitoka safi, bado nitataka kuzikagua tezi kwa upasuaji. Hakuna picha inayomaliza maneno yote."

Nyuma yangu Sponji alikohoa.

"Mama, hili ungeniachia mwenyewe."

"Nilikuachia, likakaa."

"Umeniua kwa aibu."

"Aibu imeshatupata sote wawili, baba. Haitaongezeka. Nenda."

Nikasikia kiti kikisogea.

"Na huko usitafute saa ya ukutani," mkewe akamwambia, akilia na kucheka kwa pamoja. "Chumba kile hakina."

Sindano ilikuta chembe za saratani kwenye tezi moja ya kushoto. Akapasuliwa tena, tezi zikaondolewa. Sasa mguu wake huvimba jioni, anashona akiwa ameuweka juu ya stuli, lakini anashona. Majirani wakiuliza, bado ni ngiri.

Juzi alikuja kunisalimia. Akakaa kiti kile kile, akaiamkia saa. Nilitaka kumwuliza hali ya mguu, neno likanigoma. Nikaitikia "Marahaba" nikiwa nimeuinamia mto wa kiti changu, nikiuminya.