Mume Wetu Alizikwa Ng'ambo

Asubuhi ile tulikuwa tunapura ulezi, mimi na mke mwenzangu Ghati, kila mmoja na fimbo yake, kwenye uwanja tuliousiriba kwa kinyesi cha ng'ombe. Hatukuwa tunazungumza. Binti zangu wawili, Nyangi na mdogo wake Bhoke, walikuwa wanafukuza kuku. Mume wetu, Nyamhanga, alikuwa amekwenda machimboni. Upepo wa kupepetea ulikuwepo. Nilikuwa nautazama mgongo wa Ghati ukiinama na kuinuka, nikaona kwamba anapura vizuri kuliko mimi, tena akiwa na mimba. Hilo ndilo lililokuwa limenijaa kichwani siku vita ilipotufikia.

Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Nyamhanga na mimi tulihamia Kemambo tukiwa vijana. Tulitoka juu, upande wa Sirari, ambako mashamba yalikuwa yamegawanywa kwa watoto wa kiume mpaka mtu akirithi anapata mahali pa migomba tu. Huku chini kulikuwa pori. Ndugu zetu walisema tunakwenda kulisha simba. Mwaka wa kwanza nyumbu walipita wakakanyaga mahindi yote, tukala mizizi na maziwa ya ng'ombe mmoja. Yeye alikata miti, mimi nilichoma visiki. Hatukuwa na plau. Tulilima kwa jembe la mkono, bega kwa bega, na jioni alikuwa ananitoa miiba miguuni kwa ncha ya kisu. Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa homa tukamzika kwenye kona ya shamba lile. Kwa hiyo ninaposema ardhi ile ilikuwa yetu, nina maana yangu.

Baadaye watu wakaanza kuokota mawe yenye dhahabu. Nyamongo, ambayo tuliijua kama nyumba chache na njia ya ng'ombe, ilijaa maturubai, vinu vya kusagia mawe na watu wanaosema lugha tusizozijua. Nyamhanga aliingia ubia na wenzake kwenye duara moja, ndiyo yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba. Shamba akaniachia mimi. Nililima peke yangu, sikulalamika, maana alikuwa anarudi.

Pale machimboni Ghati alikuwa anauza uji na chapati. Alizaliwa ng'ambo ya kijito, kwenye ukoo mwingine ambao tulikuwa tunaoana nao na kuibiana nao ng'ombe, kwa zamu. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye meno mazuri. Nyamhanga alitoa ng'ombe, akamleta nyumbani.

Kuoa mke wa pili halikuwa jambo la ajabu kwetu. Mama yangu mwenyewe alikuwa wa tatu. Lakini dhahabu ya kwanza ya maana aliyoipata Nyamhanga ilinunua bati, na bati likaenda kwenye nyumba ya Ghati. Mimi niliyekata nyasi za kuezekea miaka yote nilibaki chini ya nyasi.

"Yako nitaiezeka mwakani," aliniambia.

Mvua ikinyesha, nyumba yangu ilikuwa kimya. Nililala nikisikiliza mvua inavyopiga juu ya bati la mwenzangu, na nilijua yuko kwake.

Ugomvi ulianzia kwenye mwamba uliopatikana karibu na kijito. Sisi tulisema uko kwetu, wao wakasema uko kwao. Kwanza yalikuwa matusi, halafu ng'ombe wakachukuliwa, halafu kijana wa upande wetu akakutwa amekufa kando ya duara. Hata hivyo tulidhani wazee watakaa wayamalize, kama walivyozoea.

Basi asubuhi ile, tukiwa kwenye ulezi, tukasikia yowe kutoka upande wa bonde.

Ghati aliacha fimbo ikaanguka. Mimi niliita watoto.

Nyamhanga alifika anakimbia, kichwa kimejaa vumbi la mawe. Alichukua upinde wake, akasimama mlangoni. Nyuma yake walikuja wanaume wa kwetu, kundi zima, wengine watoto wa majirani niliowapikia tangu wakiwa wadogo. Mmoja wao, Marwa, mtu mzima mwenye mke na watoto, ndiye aliyesema kwa niaba yao. Hakumtazama Nyamhanga. Alinitazama mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Tumeambiwa hapa kuna mtu wa kule."

"Hapa kuna wake wa Nyamhanga," nikasema.

"Yule mwingine anakwenda kwao. Anawapelekea habari zetu."

"Anakwenda kumwona mama yake. Wewe huendi kwa mama yako?"

Zamani mwanamke hakuguswa katika mapigano yetu. Akishaolewa alikuwa wa huku, na hata wanaume waliokuwa wanawindana walimpisha apite na mtungi wake. Lakini machimbo yalikuwa yamebadilisha watu. Marwa alisema watarudi, na tuwe tumeshaamua.

Sikumtetea Ghati kwa kumpenda. Ningeweza kumfukuza mwenyewe siku yoyote, kwa mkono wangu. Sikutaka tu kuambiwa na watu wa nje nani akae kwenye boma nililolijenga.

Walipoondoka, Nyamhanga alisema, "Nampeleka kwa baba yake."

"Na sisi?"

"Wewe uko kwenu. Hakuna atakayekugusa, Robi."

"Watu wa kwao wakija kuchoma, wataniuliza mimi ni nani?"

Aliingia kwenye nyumba ya bati, akatoka na kanga moja, akamfunga Ghati mabegani. Kisha akamshika mkono.

Katika miaka yote niliyoishi na yule mwanaume, pori lile lote, njaa ile yote, hakuwahi kunishika mkono mbele ya watu. Niliwatazama wakiteremka katikati ya mihogo mpaka nikawa naona vichwa tu. Yeye hakugeuka nyuma. Ghati aligeuka.

Wa ng'ambo walikuja kabla ya jua kwenda juu sana.

Nililala na watoto kwenye mihogo, kifudifudi.

Bhoke alitaka kukohoa. Nilimziba mdomo kwa kiganja.

Moshi ulikuja. Nilijua ni nyumba yangu kwa sababu ya harufu ya mahindi yaliyokuwa darini.

Miguu ya watu ilipita karibu sana. Mmoja alikuwa anacheka, au analia. Mpaka leo sijui.

Halafu wakaenda.

Tulipoinuka, nyumba yangu ilikuwa majivu na kuta. Ghala lilikuwa limekwisha. Ulezi tuliokuwa tunaupura ulikuwa umetawanywa na kwato za ng'ombe wetu, ambao waliswagwa kuelekea bondeni. Nyumba iliyosimama ilikuwa ya Ghati. Moto ulikuwa umeramba mlango ukashindwa na bati.

Ikabidi niingize watoto humo.

Sikuwahi kuingia kwenye nyumba ile tangu ilipojengwa. Kulikuwa na kitanda cha mbao, kioo kidogo ukutani, sabuni ya kunukia iliyofungwa kwenye karatasi. Shati la Nyamhanga lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, limefuliwa vizuri, kifungo kilichokuwa kimekatika kimeshonwa. Nilitafuta makosa ya usafi nikakosa. Watoto walilala kitandani, mimi nikakaa sakafuni nimeegemea mlango, nikamsubiri mume wangu kwenye nyumba ya mke wake.

Hakurudi. Askari walikuja na magari yao, wakakaa kati ya pande mbili, mayowe yakapungua. Wanaume wa kwetu walirudi mmoja mmoja. Niliwauliza, wakasema hawajamwona. Marwa naye nilimuuliza. Alisema hajamwona, akashika njia haraka.

Habari ililetwa na bibi mmoja mzee aliyezaliwa huku akaolewa kule. Askari walimwacha apite kwa sababu ya uzee. Alikaa mlangoni, akaomba maji, akanywa yote ndipo akasema.

"Mwanangu, mumeo alifika na mkewe. Alifika na mshale."

"Yuko wapi?"

"Baba yake Ghati amemzika. Maiti haikuweza kusubiri, na njia ya kumleta haikuwepo."

Nikamuuliza mshale ulimwingia wapi.

"Mgongoni," akasema.

Alikuwa anakwenda kule. Uso wake ulikuwa kule, mgongo wake ulikuwa huku. Yule bibi alijua ninachokifikiri, akanishika goti.

Kwa desturi zetu mwanaume huzikwa bomani kwake. Nilimfungulia pori, nikamzalia, tukazika mtoto pamoja, halafu yeye akalala kwenye ua wa watu wengine, karibu na Ghati. Nililia sana, na watu waliokuja kunipa pole walidhani nalilia kifo tu. Nilikuwa nalilia pia mahali.

Wazee wa pande mbili walipokaa na kuyamaliza, nilivuka kijito. Nilikwenda peke yangu, nimefunga unga kwenye kanga. Baba yake Ghati alinipokea kwa heshima, akanionyesha kaburi, akaondoka. Lilikuwa limezungushiwa mawe. Halikuwa na jani hata moja.

Ghati alikuja na mtoto mgongoni. Alipiga magoti.

"Shikamoo, Mama Nyangi."

"Marahaba."

Mtoto alikuwa wa kiume. Paji la uso lilikuwa lile lile. Sikuomba kumbeba.

"Alisema nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu bibi aliponiletea habari. Usiku wangu wote ulikuwa wa kuwaza maneno aliyomwambia mwenzangu.

"Alitembea mpaka hapa mlangoni," Ghati akasema. "Akakaa. Akaomba maji. Nikaenda kuchota mtungini. Niliporudi alikuwa ameshatulia."

"Basi?"

"Basi. Sikumwona akiondoka."

Angeweza kunidanganya. Angeweza kujipa maneno matamu, au kunipa mimi kwa huruma, na nisingejua. Nilikaa chini. Hata yeye hakupata neno la mwisho.

Nikamwambia, "Funga vitu vyako. Mtoto huyu ni wa bomani kwake."

Aliinuka, akapangusa magoti. Kisha akaenda kuaga.

Ghati alirudi kwenye nyumba yake na mimi nikajenga yangu upya. Tumelima pamoja tangu wakati huo. Watoto wamekua wakichanganyika, na yule wa kiume ananiita mama bila kufundishwa. Watu wa Kemambo hunisifu kwamba nina moyo mzuri, kwamba mwingine angemwacha hukohuko. Marwa naye husema hivyo. Nikikutana naye gulioni tunasalimiana, nami hutazama mikono yake, kama ninavyotazama mikono ya wanaume wote wa rika lake. Hakuna aliyewahi kusema ni nani aliyepiga mshale ule. Nadhani nitakufa kabla ya kujua.

Tulipoteza ng'ombe, mavuno, na majirani ambao wapo hai. Mwamba wenyewe haukutoa kitu. Walichimba wakakuta maji. Nyamhanga alikufa akimpeleka mwingine, na sijawahi kupata namna ya kuliweka hilo moyoni lisiniume.

Ghati hukaa nyumbani na watoto. Kaburi nimejichukulia mimi. Kila baada ya mvua navuka kijito peke yangu, na hajawahi kuomba kunifuata. Nang'oa majani, napanga mawe yaliyosogea, kisha nakaa karibu naye bila haraka. Hapo hakuna mtu mwingine.