Shuka la Viraka Alilolitaka Mama

Waliomnyima mama yangu shuka lake ni watu watatu: shangazi, baba mdogo na mimi. Wale wawili walishakufa. Nimebaki mimi, niliyeishia darasa la nne. Kuandika kwenyewe kunanishinda, lakini naandika.

Miaka ya tisini tulipangisha chumba kwa Mjapani mmoja, mwanamke, aliyekuwa akizunguka na pikipiki kuwafundisha watu wa kijijini kwetu Katindiuka kupanda mpunga kwa mistari. Kitandani alitandika shuka la zamani la nili, bluu iliyoiva ikakaribia weusi kama kaniki, viraka juu ya viraka, vyote vya mkono. Alisema lilianza kwa mama wa bibi yake, nao walikuwa wakulima wa mpunga. Kila mwanamke wa ukoo aliongeza kiraka chake.

Mama alilipapasa, akamwambia Mjapani, "Hawa walilima kweli. Mwanangu, nikifa unifunike na hili."

"Mama, usife," Mjapani akasema. Tukacheka.

"Sitanii," mama akasema. Akachana kipande cha kaniki yake ya shambani, akakishona pembeni.

Alikufa wakati wa masika. Mjapani akaja msibani, shuka amelikunja, amelishika kwa mikono miwili. Shangazi akalipokea, akalikunjua mbele ya wanawake.

"Jamani, njooni muone! Mwenye pikipiki analeta matambara! Kwani marehemu ni sakafu, tumpige deki?"

Wakaangua kicheko, msiba huo huo. Baba mdogo akafoka, "Ndugu zake wa Mahenge wakiona hilo, watasema tumemzika kama mbwa. Kanunueni shuka jipya."

Mjapani akanitazama. Kiswahili kilimkimbia. Aliyesikia maneno ya mama, ukimtoa yeye, ni mimi tu. Ningesema tu, mama mwenyewe aliliomba, basi, yangeisha. Nikaangalia miguu yangu. Niliogopa kuonekana mtoto wa maskini, na maskini tulikuwa kweli, Katindiuka nzima ikijua.

Tukamfunika shuka la dukani, la maua, linanuka nailoni.

Tuliporudi kutoka makaburini nikamrudishia Mjapani lake. Akauliza polepole, "Mama alibadili mawazo?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Alibadili."

Akainamisha kichwa. "Asante kuniambia," akasema, akaingia chumbani kwake na shuka.