Rozari na Koili ya Baba Mdogo

Pikapu ya baba mdogo ililetwa na ruksa ya kuingiza magari ya nje. Zamani gari tulilolizoea kijijini kwetu Mbaha lilikuwa la misheni. Siku hizi mwenye kahawa au samaki wa kutosha anakwenda Dar kununua gari ambalo Mjapani amelichoka. Baba mdogo alinunua lililochokwa na Wajapani wawili.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Likiwa baridi, simba. Likipanda milima na kupata joto, linakohoa mara mbili, linazima. Hapo bibi anatoa rozari, tunashuka, tunasali makumi yote matano, baba mdogo anapiga stata, linawaka. Halikuwahi kukataa. Ndiyo maana hakulipeleka kwa fundi: Mama Maria anatengeneza bure, fundi wa nini?

Mimi nilianza mashaka siku tulipokwenda Mbamba Bay bila bibi. Lilizima, hatukusali. Baba mdogo aliingia kichakani kuchimba dawa, akala viazi vitatu taratibu, akapiga stata. Likawaka.

"Kumbe hata viazi vina baraka," nikasema. Nikapigwa konzi, lakini wazo halikutoka.

Kisha ikafika Jumamosi ya harusi ya shangazi. Alikuwa anaolewa kijiji cha Ruanda, huko juu kwa Wamatengo, na padri alishasema atangoja mpaka saa sita tu, kisha anakwenda kigango kingine. Jumatano yake ilikuwa ya Majivu, na Kwaresma ndoa hazifungwi. Shangazi alikuwa ameshaahirishiwa mara mbili kwa misiba. Aliketi mbele, gauni limefunika mpaka gia, macho kwenye saa ya baba mdogo.

Likazima mlima wa kwanza, tukasali. Likazima wa pili, tukasali. Wa tatu, saa tano imeshapita, bibi akatoa tena rozari.

"Mama, hivi hakuna sala fupi?" shangazi akauliza.

"Hata harusi ya Kana ilikwama, mwanangu."

"Kana iliishiwa divai, mama, siyo gari!"

Nikaruka kutoka nyuma, nikafungua boneti. "Baba mdogo, niachie mlima huu mmoja."

"Wewe wa kidato cha pili unajua nini?"

"Najua viazi."

Shangazi akamwambia, "Kaka, mwache. Akiliua, tutatembea."

Nikachomoa waya wa plagi, nikaushika kwa kandambili, ncha yake karibu na chuma cha injini. "Piga!" Injini ikazunguka, cheche hakuna. Petroli ilikuwa inafika, harufu yake ilitujaa puani. Basi kinachokosekana ni umeme. Nikagusa koili, lile kopo jeusi linalozipa plagi moto, nikarudisha mkono mbio. Kikaango kitupu!

"Hii ikichemka inakufa," nikasema. "Ikipoa inafufuka. Rozari nzima ni dakika ishirini, inapoa tukiwa tunasali."

Bibi akanikazia macho. "Mume wangu, leo unashindana na Mama Maria?"

"Hapana bibi, nashindana na Mjapani. Naomba khanga yako."

Akaivua begani huku ananung'unika. Nikaichovya kwenye kijito kilichokuwa kando ya barabara, nikaizungushia koili. Ikatoa mvuke kama chungu cha ugali. Nikalowesha tena, na tena, mpaka nikaweza kuishika. Nikarudi kwenye waya wangu. "Piga!"

Cheche ilikuja. Tatizo, mikono yangu ilikuwa imelowa, kandambili pia, na ile cheche ikaona njia ya mkato ni mimi. Nilirushwa mpaka kwenye majani.

"Mama Maria wee!" nikapiga yowe.

"Umeona?" bibi akasema kwa utulivu. "Umemwita mwenyewe."

Lakini rozari haikusaliwa. Nilirudisha waya, gari likawaka papo hapo, na kila kijito tulisimama dakika moja tu, nikalowesha khanga, tukaondoka. Shangazi alikuwa anahesabu vijito kwa sauti.

Tulipoingia Ruanda, watu walishaanza kutawanyika, na padri alikuwa ameshapanda pikipiki, mguu juu ya kiki. Shangazi hakungoja gari lisimame. Alikusanya gauni mkono mmoja, akaruka, akakimbia, akashika usukani wa pikipiki.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba. Usiwashe!"

"Milele, amina." Padri akamtazama shangazi anavyohema, akatutazama sisi, mimi nikiwa mweusi kwa grisi mpaka puani. "Na mlikuwa mnafanya nini njiani muda wote huu?"

Shangazi hakuachia usukani.

"Tulikuwa tunasali, baba."