Homa ya Kitunguu

Enzi zetu homa haikungoja mbu. Tuliipanda wenyewe kwapani kama mche wa sukuma wiki, tukaimwagilia jasho. Nyinyi wa rika langu mliosoma shule za bweni huku Kakamega mnanielewa. Vijana wa leo waulizeni wazazi wenu, kama watakubali kusema ukweli.

Mimi ni mtu wa nyumbani tangu zamani. Hata leo mke wangu akitaja sherehe ya mbali, mgongo unaanza kuniuma kabla hajamaliza kusema ni wapi. Basi fikiria nilivyokuwa nilipopelekwa kidato cha kwanza upande wa Butere, na sanduku la bati na godoro jembamba kama chapati ya shule. Kwetu Shinyalu nilikuwa nimeacha ugali wa mtama wa mama, kuku wa Jumapili, na Nyundo.

Nyundo alikuwa fahali wa mjomba wangu, mweusi tititi, mwenye shingo kama gogo. Mjomba alimlisha vizuri kuliko alivyojilisha mwenyewe. Muhula huo habari zikafika shuleni kwamba Jumamosi Nyundo angepigana na fahali wa kijiji jirani, na ngoma za isukuti zingeanza kulia kabla ya jua kutoka. Mimi niliyemkatia nyasi likizo nzima, kukosa siku hiyo kulikuwa sawa na kukosa harusi yangu mwenyewe. Ingawa hiyo harusi nayo, ilipofika, mgongo uliniuma.

Ruhusa ya ugonjwa ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Sista Khavere, muuguzi wa shule. Mama mfupi, mwenye viatu vyeupe visivyopiga kelele, kwa hivyo ulimwona ukiwa umeshachelewa. Chumba chake kilinuka dawa ya sakafu na uji. Nje ya mlango kulikuwa na benchi, na kila mgonjwa alikaa hapo kwanza, maana Sista alijua wengine tumepitia jikoni kunywa chai ya moto ili mwili uchemke. Chai ikipoa, ndipo anakuita. Anakubanisha kipimajoto kwapani, anashika mkono ahesabu mapigo, anavuta kope la chini aone kama una damu, anakwambia toa ulimi. Akiukuta una rangi, anauliza, "Na zambarau za mwalimu mkuu zimeiva?"

Wa kuhara alipewa maji ya chumvi na sukari, kisha akahojiwa kuhusu kunawa mikono. Wa choa alipakwa dawa ya rangi, akarudi darasani anafanana na bendera. Wa tumbo alilazwa kitanda cha dirishani, kile kinachotazama jikoni, akapewa uji usio na sukari siku wenzake wanapopakuliwa nyama. Wengi walipona kabla ya kengele ya chakula.

Lakini msidhani alikuwa wa kudharau watu. Rashid wa Matungu aliingia jioni moja akasema kwa sauti ndogo, "Salaam aleikum Sista, naomba kulala kidogo tu." Huyo hakukalishwa benchi. Sista alimgusa paji la uso, akamwambia ainamishe kidevu mpaka kifuani. Shingo ikakataa. Gari la shule likawa barabarani kwenda hospitali kabla sisi hatujamaliza kuulizana kuna nini. Rashid alirudi baadaye, amekonda, anacheka. Sista akatuambia mbele ya shule nzima, "Mgonjwa wa kweli anaombanga kulala. Nyinyi mnaombanga ruhusa."

Ningesikia hapo. Lakini Ijumaa ile rafiki yangu Shikuku, daktari bingwa wa bweni letu, alinikabidhi kitunguu kizima kilichomenywa. "Kibane kwapani kama kuku anayeatamia, joto litapanda," akaniagiza. "Na usicheke."

Nilibana. Nikakaa benchi, nikaitwa, nikaingia nikiburuta miguu, mkono wa kushoto umegandamana na ubavu.

"Unaumwa wapi, mtu wa nyumbani?"

"Kila mahali, Sista."

"Hizi homa za Ijumaa. Za Jumatatu haziwapatangi?" Akavuta hewa puani kidogo, akautazama ule mkono wangu. Kipimajoto akakiacha mezani. "Kwenu si Shinyalu? Nasikia kesho kuna mafahali. Huyo wa mjomba wako wananiambia ni mnene tu, lakini mwoga."

Nikamjibu polepole, kigonjwa, kwamba wamemdanganya.

"Ai, wewe. Si juzi aliona mwenzake akakimbilia kwa mahindi ya watu?"

Jamani, nitukane mimi, utukane hata godoro langu, lakini Nyundo? Nilisimama. Nikamweleza anavyoinamisha kichwa, anavyochimba udongo kwa kwato, na nilipofika kwenye pembe maneno yakaniishia. Nikainua mikono yote miwili kumwonyesha upana wake.

Kitunguu kikadondoka. Kikabingirika taratibu, kikaenda kusimama kwenye kiatu cheupe.

Sista alikiokota kwa vidole viwili, akakitazama kwa huruma. "Huyu ndiye ana homa," akasema. "Na wewe utalala hapa mpaka Jumapili, nione kama hajakuambukiza."

Nililazwa kitanda cha dirishani. Jumamosi Sista hakuonekana. Mpishi ndiye aliyeniletea uji, na sukari hakuileta. Jumapili Sista akaingia, viatu vyeupe vimejaa udongo mwekundu, akanipa kipande cha muwa.

"Mjomba wako anakusalimu. Nilikuwa mbele kabisa. Kuhusu pembe, hukunidanganya."

"Na Nyundo, Sista?"

"Alimtazama mwenzake, akafikiria. Kisha akaenda kwa mahindi ya watu."

Siku hizi kipimajoto kinaelekezwa kwenye paji la uso kama bastola, kinalia mara moja, basi. Kwapa limestaafu. Muhula uliopita kijana wangu alinipigia kwa simu ya shule, anaumwa tumbo, kichwa na magoti, anataka kuja nyumbani. Muuguzi wao, binti mpole, akaniambia mashine inasema hana homa na foleni ni ndefu. Nikaomba nirudishiwe kijana kwenye simu.

"Pole, baba," nikamwambia. "Hata hivyo hukosi kitu. Jogoo tunayemchinja Jumapili amekonda sana."

"Nani amekonda? Yule mwekundu niliyemlisha mimi? Baba, yule ana kifua hivi..."

Nikasikia kishindo, simu iko sakafuni. Sikuhitaji kuuliza mikono yake yote miwili ilikuwa wapi.

Jumapili nilitoka nyumbani, mimi, na mgongo haukuuma, nikampelekea paja la huyo jogoo. Nikaelekezwa nimngojee chumba cha wagonjwa, nikatafuta pa kukaa. Hakuna benchi. Siku hizi hakuna mtu anayekungoja mpaka chai yako ipoe.