Homa ya Wodi Mpya

Nilikuwa mkunga kwenye zahanati moja upande wa Migato walipokuja kukarabati wodi ya wazazi. Jengo la zamani lilikuwa na nyufa, sikatai, lakini hewa ilipita. Juu ya kila dirisha kulikuwa na matofali ya matundu, na madirisha yenyewe yalikuwa ya wavu. Mkandarasi aliziba matundu yote kwa saruji, akaweka vioo vikubwa upande wa magharibi, akaezeka bati jekundu bila dari. Nilimuuliza hewa itapita wapi. Akanijibu kwamba kiyoyozi kinakuja, mimi nishughulike na wazazi wangu.

Kiyoyozi kilikuja kweli. Kila kikiwashwa umeme wetu mdogo ulishindwa na friji ya chanjo ikazima. Tukakiacha ukutani.

Mwezi wa kumi, saa nane mchana, mtoto wa siku mbili akachemka. Kipimajoto kilionyesha thelathini na nane na nusu. Mtoto mchanga akiwa na homa huwezi kusubiri, kwa hiyo tulimwanzishia sindano tukidhani ana maambukizi. Mama yake, binti aliyejifungua kwa mara ya kwanza, aligeukia ukutani asione. Bibi yake mtoto ndiye aliyekataa sindano ya pili. Alimbeba mjukuu hadi kwenye kivuli cha stoo, akamvua mablanketi niliyomfunika mimi mwenyewe, akampepea kwa kanga.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, bila kupandisha sauti, "mtoto haumwi. Nyumba yenu ndiyo inayoumwa."

Baada ya saa moja nilimpima tena. Thelathini na saba.

Tulikuwa tumemchoma mtoto sindano kwa sababu ya bati. Nikampigia mhandisi aliyesaini kwamba kazi imekamilika, nikamweleza yote. Akasema ramani ilifuatwa.

"Njoo ulale humu mchana, wewe na ramani yako," nikamwambia. "Tutakufungia mlango."

Akakata simu.

Wiki hiyohiyo nilimleta mume wangu, fundi mwashi, na nyundo na tindo. Alizibua matundu yote akaweka wavu wa mbu. Waume wa wazazi wakajenga kibaraza cha nyasi upande wa magharibi, na bati tukalipaka chokaa nyeupe, ambayo tunairudia kila mvua zikiisha. Kinamama wakaacha kuniomba walale nje.

Kisha halmashauri ikaniandikia barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nimeharibu mali ya umma. Nilijibu kwa mistari miwili: joto la mtoto akiwa wodini, na joto la mtoto akiwa kivulini. Hadi leo sijajibiwa. Nilipouliza ofisini kama aliyeziba matundu na aliyesaini nao waliandikiwa barua, karani alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Nikaondoka bila kuaga.