Uzi Unaoshika Kisha Unaenda

Kwenye foleni ya kituo cha afya hapa Kafutuma, mbele yangu alisimama mvuvi mmoja Mkongomani na mkewe, aliyepasuliwa juzi ili ajifungue. Mke alikuwa na midomo mikavu. Mume alitoa mfukoni kibonge cha uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu, akakiweka taratibu mbele ya muuguzi.

“Mama, mushone bibi yangu na hii. Ile yenu mulisema itayeyuka. Tangu siku ile namukataza maji, hata ya kunywa anaonja tu. Hii yangu haiozake.”

Muuguzi hakucheka, na hapo nilimpenda. Alimpa mke kikombe cha maji, akangoja mpaka akamaliza.

“Ba tata,” alimwita kwa heshima, “hauyeyuki kama chumvi. Maji ya mwili inaingia mu ule uzi pole pole, inaukatakata ndani. Wakati nguvu yake inaisha, nyama imekwisha kushikana yenyewe.”

Mume aliuvuta uzi wake kwa mikono miwili. Haukukatika.

“Kumbe ule unashika, kisha unaenda?”

“Ndiyo.”

Alirudisha kibonge mfukoni, bado ana mashaka, akamfunga mkewe kitenge vizuri.

Nilimwelewa. Mimi pia nimelelewa na wavuvi, na kwetu uzi unaooza ni aibu. Lakini wavu wa baba uliopotea katika Ziwa Mweru nikiwa shuleni bado uko chini huko, unaua samaki ambao hakuna atakayewala. Nailoni ile haijaambiwa kwamba kazi imekwisha.